Chupa Sita Zisizomo Daftarini

Nilipanda mlima huu kama bibi arusi mwenye kikokotoo,
kutoka benki ya Ruwi, dirisha la tatu,
na viatu visivyojua ngazi za mawe za Shuraija.
Muhanna aliniambia: waridi ni kazi ya siku thelathini.
Hakuniambia kuuza ni kazi ya siku zilizobaki.

Aprili, jua halijagusa ukingo wa korongo,
tunachuma. Miiba haina adabu.
Ua likichelewa saa mbili tu, harufu imeshapaa,
na huko juu hakuna wa kuilipia.
Chungu ndani ya joko la udongo, kuni za mkunazi,
maji baridi juu ya kifuniko,
na jasho la waridi ladondokea bakuli la shaba
tone, tone,
kama mdeni alipaye shingo upande.

Naandika: kuni, riali arobaini na mbili.
Vibarua wawili, chakula juu yetu.
Lebo, kwa mpiga chapa wa Nizwa
anayekosea jina la kijiji kila mwaka.
Siku arobaini marashi hutulia mtungini, mashapo yashuke.
Pesa nazo zimetulia humo humo.
Benki haingoji mashapo.

Ndipo akaja Fadi, mnunuzi wa hoteli ya ukingoni.
Babu yake, alisema, alikuwa mkamua zabibu, Zahle.
Akamimina kidogo kwenye bilauri, akaizungusha,
akanusa amefumba macho.
“Ya mwaka gani?”
Mwaka wa nini?
“Marashi haya. Ya mwaka gani, ya shamba lipi?”

Hakuna aliyewahi kutuuliza.
Tulijua, ndiyo: ya ngazi ya juu, kwa Bi Shinuna, ni makali;
ya chini, karibu na falaji, mapole.
Tulijua kama mtu ajuavyo vikohozi vya wanawe gizani.
Hatukujua kwamba kujua huko kunauzika.

Akaagiza chupa mia mbili.
Mvua ya mawe ikawahi soko.
Tukapata sitini na moja.

Shemeji Khalfan akaleta kikopo kutoka Dubai:
“Tuzimue. Kifuniko kimoja kwa mtungi.
Pua ya hoteli ni pua ya kiyoyozi.”
Usiku nikapiga hesabu, na hesabu
ilikuwa upande wa Khalfan.
Niseme kweli: nilikifungua.
Kilinukia waridi kuliko waridi.
Hapo nikaogopa, nikakifunga.

Nikamwandikia Fadi: ni chache, zina moshi,
ni za ngazi ya juu baada ya mvua ya mawe,
na bei ni maradufu.
Nikakaa kama mtu aliyetukana mgeni.
Jibu lake neno moja: Leta.

Akahesabu. Hamsini na tano.
“Sita ziko wapi?”

Sita ziko rafu ya juu, hazina lebo wala mwaka,
tangu enzi za bibi mkwe:
ni za yeyote atakayeoshwa kijijini
kabla ya Aprili nyingine.
Mie mtu wa benki nimeshindwa kuzipa safu.
Si hasara. Si akiba. Sadaka, labda,
lakini sadaka mtu huitoa; hizi zinamngoja mwenyewe.
Fadi hakusema kitu. Akaandika hamsini na tano, akalipa.

Mwaka huu tumeshafungua mbili.
Ya pili niliifungua mimi, mkono unatetemeka:
ya ngazi ya juu, makali, moshi kidogo,
kwa Bi Shinuna, aliyeipanda.

Kesho lebo mpya zinafika kutoka Nizwa.
Jina la kijiji nimemwandikia kwa herufi kubwa.
Atalikosea.